Mita 80 na 160: Mbona Ulaya Hawanisikii?

Wasomaji hamjambo. Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu ana leseni ya redio ya ridhaa, kafunga waya, redio inawaka, majirani wanamsikia vizuri tu, ila akiita mbali hakuna anayejibu. Kwa walioingia leo, bendi za chini tunamaanisha mita 160 (megahezi 1.8), mita 80 (megahezi 3.5) na mita 40 (megahezi 7), yaani bendi za usiku, za mawimbi marefu na za kelele nyingi. Nimechagua barua chache ambazo zikijibiwa zitawasaidia na wengine.

"Shikamoo Mwalimu. Niko Arusha, nina redio ya wati 100 na dipoli (antena ya waya) ya mita 80 nimeifunga juu ya bati, kama mita 6 kutoka chini. Jioni Nairobi, Mombasa na Dar nawapata safi kabisa, lakini Ulaya sijampata hata mmoja. Kuna jamaa anauza amplifaya ya wati 400, nikiinunua nitafika?" Msomaji, Arusha

Marahaba mwanangu. Hiyo hela iweke kwanza, usimpe huyo jamaa.

Antena yako haina ubovu wowote, inafanya kazi yake sawasawa, tatizo ni kwamba kazi yake sio hiyo unayoitaka. Wimbi lenyewe lina urefu wa mita 80 na wewe waya umeuweka mita 6 juu, hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya wimbi, na dipoli ikikaa chini namna hiyo nguvu karibu yote inapanda juu moja kwa moja utosini, inagonga ionosfia, lile tabaka la juu angani, na kurudi chini kwenye eneo la kilomita mia chache kukuzunguka. Nairobi ni kama kilomita 240 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, Dar haifiki 500, ndo maana unawapata safi. London ni karibu kilomita 7,000. Huko mawimbi yanatakiwa yatoke yakiwa yamelala karibu na upeo wa macho, na ili dipoli ya mita 80 ilale hivyo inabidi uipandishe nusu wimbi, mita 40, sasa nguzo ya mita 40 nani anayo nyumbani?

Alafu tuangalie hizo wati 400. Kutoka 100 kwenda 400 ni desibeli 6, na desibeli 6 kwenye mita ya redio ya yule anayekusikiliza ni nukta moja ya S (kipimo cha nguvu ya ishara), basi. Kama leo umezama kabisa kwenye kelele zake hiyo nukta moja haikuokoi, na hata ikikuokoa amplifaya haikuongezei usikivu wowote, atakuita na wewe humsikii. Afrika Mashariki ni adimu sana kwenye mita 80 na 160, wazungu na Wajapani wanaitafuta 5H na 5Z (mwanzo wa majina ya stesheni za Tanzania na Kenya) kwa hamu kubwa, kwahiyo wa kukuita wapo, suala ni waya wako utoe wapi na masikio yako yakoje. Hapo ndo pa kuweka hela.

Fanya hivi. Hiyo dipoli iache hapohapo, ni nzuri kwa kuongea na majirani wa nchi hizi. Pembeni simamisha antena ya L iliyopinduliwa: tafuta mti au nguzo ya mkaratusi ya mita 12, waya upande wima mita 12 halafu uliobaki, kama mita 8, uvute ulale kuelekea mti mwingine, jumla inakuwa mita 20 hivi ambayo ni robo wimbi la mita 80. Ile sehemu iliyosimama ndo inayotoa mawimbi yaliyolala. Kebo ya koaksia unaileta chini kabisa, waya wa kati unaunga kwenye antena, na ile suka ya nje unaunga kwenye waya za ardhini.

Na hizi waya za ardhini ndo watu wengi wanazifanyia ubahili. Antena ya robo wimbi ni nusu tu ya antena, nusu ya pili ni ardhi, na udongo wetu mkavu unakula umeme vibaya. Ukitandaza waya mbili tatu, nusu ya nguvu yako inaweza kuishia kupasha udongo joto. Tandaza 16, kila moja mita 15 mpaka 20, kuzunguka kama miale, tumia tu ule waya wa nyumba wa moja nukta tano, hauhitaji kupima sana kwa sababu ukishalala kwenye ardhi urefu kamili hauna maana kubwa. Ni heri 16 fupi kuliko 4 ndefu. Unazibana na vipande vya waya mgumu vilivyokunjwa, majani yakiota msimu mmoja huzioni tena na hata mbuzi hawajikwai.

Sasa sikiliza hapa kwa makini kwa sababu hapa ndo mita inadanganya watu. Robo wimbi iliyosimama vizuri juu ya ardhi nzuri ina ukinzani wa ohm 36 hivi. Ukiwa na waya chache, udongo unaongeza ohm zake, tuseme 14, jumla 50, na mita ya SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio) inakuonyesha 1:1, safi, unafurahi na kufunga kazi. Kumbe zile ohm 14 ni hasara tupu. Ukiendelea kuongeza waya utaona SWR inapanda kidogo, inaenda 1.3 au 1.4. Usishtuke, hiyo ndo dalili kwamba ardhi imeanza kuacha kula nguvu zako. Endelea kutandaza mpaka namba iache kubadilika.

Tahadhari mbili tu. Waya wowote usipite juu wala chini ya nyaya za umeme wa mtaani, hata kama nguzo inaonekana iko mbali, fikiria ikianguka itaangukia wapi. Na ile ncha ya mwisho ya antena ina volti nyingi sana ukiwa unarusha, iwe juu mahali ambapo mtoto hafiki.

"Mwalimu habari za kazi. Mimi na mume wangu wote tuna leseni, tunaishi Tanga na nyumba iko karibu kabisa na bahari, maji yakijaa yanafika kama mita 30 kutoka ukutani. Tuna fimbo ya fibaglasi ya mita 12. Tuisimamishe wapi, na tuite saa ngapi tupate Japani na Marekani?" Dada wa Pwani, Tanga

Nzuri dada, na kwa kweli wenzako wa bara wakisoma hii barua watatamani kuhama. Maji ya bahari ndo ardhi bora kuliko zote kwa antena ya wima, yanapitisha umeme mara elfu moja na zaidi kuliko udongo mkavu, na mawimbi yakitoka juu ya maji ya chumvi yale yaliyolala kabisa hayapotei, yanaenda.

Kwahiyo fimbo ipeleke kwenye maji kadri unavyoweza, ila angalia alama ya maji ya bamvua, sio maji ya siku za kawaida, maana boksi lenye transfoma na viunganishi lazima likae juu ya hapo. Kwa mita 40 kazi ni rahisi, waya wa mita 10 unapanda na fimbo umeisha. Kwa mita 80 panda na mita 12 halafu zilizobaki zivute kwenye mnazi. Waya za ardhini weka chache zinazoteremka kwenye mchanga wenye maji, hapo nne tano zinafanya kazi ambayo Arusha wanaitafuta kwa 16. Chumvi lakini haina huruma: kila kiungo piga solda, paka grisi, zungushia tepu ya mpira, na kikague mara kwa mara, shaba ikishaota ukijani ndani ya kebo kata hiyo sehemu yote utupe.

Kitu kimoja niseme wazi usije ukalaumu antena. Bahari yako iko mashariki. Japani iko kaskazini mashariki, India na Australia nazo upande huo, kote huko mawimbi yako yanaanza safari juu ya maji. Marekani na Ulaya ziko nyuma ya nyumba, juu ya nchi kavu, huko utakuwa vizuri lakini hutakuwa na ule upendeleo.

Saa sasa. Mchana kuna tabaka la chini la ionosfia, wanaliita tabaka D, linalotengenezwa na jua na linameza bendi za chini, mita 160 linaimeza kabisa. Jua likizama linatoweka ndani ya muda mfupi, na sisi tulio karibu na ikweta jua linazama wima, giza linaingia haraka, kwahiyo ile nusu saa ya magharibi na ile ya alfajiri ni fupi kuliko ya Ulaya na ndo zenye utamu. Usiseme utakula kwanza ndo urudi. Kanuni ni kwamba giza liwepo kwenu na kwao, basi chukua mwezi Desemba: Tokyo jua linachomoza saa saba kasorobo usiku kwa saa zetu, kwahiyo Japani unayo kuanzia machweo yenu, saa kumi na mbili na nusu, mpaka hapo, na dakika za mwisho kabla kwao hakujakucha mara nyingi ishara zinapanda ghafla. New York jua linazama saa sita na nusu usiku wetu, na California saa kumi kasorobo, hao wote unao mpaka kwenu kupambazuke. Ulaya ya magharibi Desemba inafunguka kwenye saa moja usiku, ila Juni London jua halizami mpaka saa tano na dakika 20 usiku wetu, usiku wao unakuwa mfupi sana. Kwenye daftari la mawasiliano andikeni saa za UTC, saa za dunia nzima, yaani mnatoa saa tatu, maana yule wa Osaka hajui saa kumi na mbili na nusu ya Tanga ni nini.

"Mwalimu, nina shamba Kitale na nafasi ninayo. Nimejaribu mita 160, naambiwa kwenye mtandao kwamba Wazungu wananisikia, wanaita, lakini mimi nasikia mikwaruzo tu, kama mtu anakaanga samaki. Nimechoka kabisa. Kuna namna?" Mkulima, Kitale

Ipo kaka, na umeuliza swali ambalo ningependa kila mtu wa bendi za chini aulize kabla ya kununua chochote.

Kwanza tutenganishe kelele. Chukua betri ya gari, iunge kwenye redio, halafu nenda kwenye mein swichi uzime nyumba nzima huku redio inasikiliza 1.83. Kama kelele imeshuka basi adui yuko ndani: chaja za simu za bei rahisi, taa za LED, king'amuzi, inveta ya sola, na kwenye mashamba kuna ile fensi ya umeme inayopiga tik tik tik kila sekunde. Washa kimoja kimoja umjue ni nani. Pete za feraiti ukizungushia waya wa chaja mara nane au kumi zinasaidia, lakini dawa ya kweli ya chaja mbovu ni kuing'oa.

Kama ulizima na mikwaruzo ikabaki vilevile, hiyo ni radi. Na sisi, jamani, tunakaa jirani na jiko la radi la dunia. Bonde la Kongo liko magharibi yako, Ziwa Victoria kusini magharibi na lenyewe linapiga radi usiku kuliko mchana, na kila mmweko unasafiri usiku kwenye mita 160 kama ishara nyingine yoyote. Antena yako ya wima inasikiliza pande zote kwa usawa, kwahiyo inakuletea Ulaya na inakuletea Kongo kwa sahani moja. Dawa ni kutumia antena mbili, ya kurushia ibaki hiyohiyo na ya kusikilizia iwe nyingine inayoangalia upande mmoja tu.

Hiyo nyingine inaitwa Beverage, jina la Harold Beverage, Mmarekani aliyeibuni zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ni kitu rahisi mpaka watu hawaamini. Waya mmoja mrefu, mita 150 mpaka 300, umelala kwa urefu wa mita mbili tu kutoka chini, basi. Mwisho wa upande unaotaka kuusikia unaweka rezista ya ohm 450 au 470 inayoingia ardhini kwenye fimbo ya shaba, mwisho wa upande wako unaweka transfoma ndogo ya 9 kwa 1 kwenye pete ya feraiti, ndo inashuka kwenye koaksia. Ishara zinazotoka upande wa rezista zinakusanyika njiani na kukufikia, za nyuma zinaishia kwenye rezista. Antena hii ni kiziwi kwa ujumla, mita ya S itashuka na utadhani imekufa, usiihukumu kwa mita, isikilize. Kelele inashuka zaidi kuliko ishara inavyoshuka na hicho ndo unachokilipia.

Ukiwa Kitale, London iko nyuzi 335 za dira na New York nyuzi 312, kwahiyo waya mmoja ukiuelekeza 325 hivi unawafunika wote wawili, na mgongo wake unaangalia kusini mashariki, huku ziwa likibaki ubavuni na kwa nyuma kidogo. Kongo iko ubavuni pia kwa sehemu kubwa. Huwezi kupata mpango mzuri zaidi ya huo kwa eneo lako. Na kuna bahati nyingine ambayo sijui kama umeifikiria: Desemba mpaka Februari mahindi umeshavuna, shamba liko wazi la kupitisha waya bila kugombana na mtu, mvua zimepungua kwenu, na hukohuko Ulaya ndo usiku mrefu wa baridi. Vitu vitatu kwa wakati mmoja. Trekta likianza kulima unakunja waya unaweka stoo. Pandisha tu iwe mita tatu pale ng'ombe wanapopita.

Na usidhani hii ni mambo ya watu wenye maabara. Desemba 1921 Wamarekani walimtuma mwenzao wa redio za ridhaa, Paul Godley, Uskoti, pale Ardrossan pwani, ili aone kama redio za ridhaa za Marekani zinaweza kusikika ng'ambo ya Atlantiki. Wenzake wa Uingereza nao walikuwa wanajaribu kuzisikia. Yeye alivuta Beverage ya mita 400 hivi juu ya nguzo fupi, akakaa kwenye hema, kwenye baridi na mvua, usiku baada ya usiku, na akaisikia stesheni 1BCG ya Greenwich, Connecticut, kwenye wimbi la mita 230, ambalo ni refu hata kuliko hiyo 160 yako. Hema, waya mmoja na masikio, na ulikuwa usiku wa Desemba kama huo ninaokwambia.

Ukianza kuwasikia, usiwaruhusu wote waite kwenye masafa yako. Sema unasikiliza kilohezi moja mpaka tatu juu, watawanyike, wewe unabaki peke yako unakorushia na kila mmoja anasikia zamu yake. Wasipotawanyika hutamwona yeyote hata ukiwa na Beverage tatu.

Kama kuna msomaji mwingine ana tatizo hilohilo na hana shamba, tengeneza pete ya waya ya kusikilizia, ya mita moja kwa mita moja, izungushe kwa mkono mpaka ile sehemu yake isiyosikia iangalie kelele. Haifikii Beverage lakini inaleta tofauti ambayo utaiona siku hiyohiyo.

"Naishi fleti Nairobi, ghorofa ya tano, mwanafunzi, sina leseni bado. Naweza kuanza na nini?" Msomaji, Nairobi

Anza kusikiliza. Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi kina redio ambayo yeyote anaweza kuiendesha kwa brauza, bendi zote za chini zipo, ingia usiku uone mita 80 inavyojaa na uone inavyokauka kukicha kwao. Ukishakuwa na leseni itakufaa kwa kitu kingine pia, unarusha Nairobi na unajisikiliza mwenyewe Uholanzi, hakuna kipimo cha antena kinachosema ukweli kama hicho. Ila usije ukajaza hiyo redio kwenye daftari kama umewasiliana, masikio ya mawasiliano lazima yawe ya kwako, pale ulipo.

Leseni unaombea kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na Amateur Radio Society of Kenya wapo, watafute, wengi wao wanafurahi kumsaidia kijana. Baada ya hapo, kwa mtu wa fleti ningesema FT8, mfumo wa kompyuta uliotoka mwaka 2017, kila zamu sekunde 15, unasoma ishara ambazo sikio halizisikii kabisa. Mita 40 iko 7.074, mita 80 iko 3.573. Waya wa mita 10 ukining'inia kutoka balkoni na waya mwingine wa urefu huohuo ndani ukutani, wati 20, utashangaa. Ongea na mwenye nyumba kwanza.

"Nimesoma kuna bendi za chini zaidi, kilohezi 136 na 472. Je, na sisi huku zinatuhusu?" Msomaji, Mwanza

Zipo kweli. Ya 136 ilipitishwa na mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio mwaka 2007 na ya 472 mwaka 2012, lakini nchi yako nayo lazima iwe imeiruhusu, kwahiyo ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kabla hujakata waya. Wimbi la 136 lina urefu wa mita 2,200, robo yake ni zaidi ya nusu kilomita kwenda juu, hakuna wa kuisimamisha, kwahiyo watu wanatumia waya wa mita 15 au 20 na koili kubwa kama ndoo chini yake, na katika wati 100 zinazoingia kinachotoka hewani ni sehemu ndogo sana ya wati moja. Sheria yenyewe inaruhusu wati moja tu ya kutoka kwa 136. Kwa mtu wa Mwanza, na ziwa lile linavyopiga radi usiku, mimi ningejenga ya kusikilizia kwanza niikae nayo Julai na Agosti kabla ya mvua, nione kama kuna chochote kinachopita.

Wengine mliouliza kuhusu transfoma ya 9 kwa 1 namna ya kuizungusha, nitaandika toleo lijalo na vipimo vya waya. Aliyeuliza kama anaweza kutumia pete iliyotolewa kwenye pawa saplai ya kompyuta: zile za njano zenye upande mweupe acha, ni za unga wa chuma na hazifai kwa kazi hii.